Nani Hupanga Bei ya Umeme Marekani? Taaluma za Makamishna wa Tume za Majimbo

Familia inayoishi Columbus, Ohio, ikipokea bili ya umeme iliyopanda, aliyepandisha bei si kampuni peke yake. Kampuni iliomba. Walioruhusu ni watu watano waliokaa mbele ya jalada la maelfu ya kurasa, wakapokea ushahidi, kisha wakapiga kura. Minnesota nako ni watano. Michigan ni watatu. Texas walikuwa watatu hadi mwaka 2021, sasa ni watano. Ukijumlisha makamishna wa majimbo yote 50 pamoja na jiji la Washington unapata takriban watu 200, na hao ndio wenye neno la mwisho juu ya bei za umeme, gesi, na mara nyingi maji, kwa wateja wa kampuni binafsi zenye ukiritimba.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, kazi yao inafanana na ile ya EWURA au EPRA. Tofauti ni kwamba Marekani haina mdhibiti mmoja wa bei anayolipa mwananchi nchi nzima. Tume ya serikali kuu, FERC, inashughulika na umeme unaouzwa kwa jumla kutoka jimbo hadi jimbo. Bili ya nyumbani ni kazi ya tume ya jimbo, na jina la tume hubadilika ukivuka mpaka. Kwingi ni tume ya huduma za umma, Arizona na Oklahoma ni tume ya makampuni, na Texas bei za gesi ziko chini ya chombo ambacho hadi leo kinaitwa Tume ya Reli, ingawa hakisimamii tena reli yoyote.

Watu hawa walikuwa wakifanya kazi gani kabla ya kukalia viti hivi? Kundi kubwa zaidi ni wanasheria. Nyuma yao wako waliotoka kwenye siasa na utumishi wa serikali: wabunge wa zamani wa majimbo, mameya, wasaidizi wa magavana. Wahandisi, wachumi, wahasibu na watu wa fedha wapo, lakini ni wachache kuliko unavyoweza kutarajia ukiangalia kazi yenyewe. Kwa nini iko hivyo, na kama ina madhara, huwezi kujua bila kwanza kuona kinachowekwa mezani.

Hesabu iliyo nyuma ya bili

Kesi ya bei husimama juu ya hesabu moja. Mapato ambayo kampuni inaruhusiwa kukusanya kwa mwaka ni gharama za uendeshaji, kuongeza uchakavu wa mali, kuongeza kodi, kuongeza faida juu ya mali iliyowekezwa. Jumla hiyo hugawanywa kwa makundi ya wateja: nyumba, maduka, viwanda. Kila neno katika sentensi hizo mbili linagombaniwa na wataalamu wa pande zote kwa miezi.

Chukua mfano wa kampuni yenye mali ya dola bilioni 5, nusu imegharimiwa kwa mikopo na nusu kwa fedha za wenye hisa. Kampuni inaomba wenye hisa walipwe asilimia 10.5. Mtetezi wa watumiaji anasema 9.5 inatosha. Asilimia 1 inaonekana kitu kidogo, lakini juu ya dola bilioni 2.5 za wenye hisa ni dola milioni 25 kwa mwaka. Haiishii hapo, kwa sababu faida hutozwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 21, na kodi hiyo nayo huwekwa kwenye bili: milioni 25 ukigawanya kwa 0.79 unapata karibu milioni 31.6. Kampuni ikiwa na wateja milioni 1, ni wastani wa dola 32 kwa mteja kila mwaka, hadi kesi nyingine ifunguliwe.

Asilimia hiyo inatoka wapi? Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa kipimo katika kesi mbili, Bluefield ya mwaka 1923 na Hope ya mwaka 1944: mwekezaji apate faida inayolingana na ya biashara nyingine zenye hatari ya namna hiyohiyo, na itoshe kuiwezesha kampuni kupata mtaji. Maneno ni ya kisheria, lakini kuyageuza kuwa namba ni kazi ya fedha. Shahidi wa kampuni na shahidi wa watumiaji hutumia kanuni zilezile na kufika mahali tofauti, kwa sababu kila mmoja amechagua kampuni zake za kulinganisha na makadirio yake ya ukuaji. Kamishna aliyewahi kuthaminisha hisa ataona mara moja kwamba ugomvi uko kwenye makadirio ya ukuaji, atauliza hapo. Asiyewahi huona namba mbili na wataalamu wawili wenye sifa sawa, na kishawishi chake ni kugawa katikati. Kampuni zinakijua kishawishi hicho. Anayetegemea mgawo wa katikati huanza kwa kuomba juu.

Uchakavu ni sehemu nyingine inayopita kimya. Tuseme mtandao wa nguzo, nyaya na transfoma wenye thamani ya dola milioni 800 umekadiriwa kuishi miaka 40. Wateja wanalipia milioni 20 kwa mwaka. Kampuni ikishawishi tume kwamba maisha halisi ni miaka 32, malipo yanakuwa milioni 25. Mhasibu atauliza kitabu cha mali kinaonyesha nini kuhusu vifaa vilivyong'olewa. Mhandisi atauliza vinang'olewa kwa nini: vimeoza, au kampuni imeamua kuweka vipya ambavyo vitaongeza mali na hivyo faida? Maswali yote mawili yanahitajika, na ni nadra sana mtu mmoja kuwa nayo yote mawili kichwani.

Kwa nini wanasheria wametawala

Tume hizi zilizaliwa na reli. Massachusetts ilianzisha tume yake ya reli mwaka 1869, na mwaka 1877 Mahakama Kuu, katika kesi ya Munn dhidi ya Illinois, ikakubali kwamba jimbo lina haki ya kupanga bei za biashara inayogusa maslahi ya umma. Wisconsin na New York zikapanua mamlaka hayo hadi kwenye umeme na gesi mwaka 1907. Tangu siku hizo tume zimepelekwa mahakamani bila kukoma, na chombo kinachoishi kwa kushtakiwa hujifunza kufanya kazi kama mahakama.

Ndivyo kinavyofanya kazi mpaka leo. Kampuni huwasilisha ombi na ushahidi wa maandishi. Tume huzuia bei mpya isianze kutumika wakati ombi likichunguzwa, kwa kipindi kilichowekwa na sheria, ambacho Illinois ni miezi 11. Viwanda, miji, makundi ya mazingira na mtetezi wa watumiaji huomba kuwa sehemu ya kesi. Pande zote hutumiana maswali ya maandishi, wakati mwingine mamia. Hakimu wa tume huendesha kikao ambamo mashahidi huapishwa na kuhojiwa na mawakili. Makamishna hawaruhusiwi kuzungumza pembeni na upande wowote kuhusu jambo lililo mezani. Mwisho huandikwa uamuzi wenye sababu, na lazima usimame juu ya ushahidi uliomo kwenye jalada, la sivyo mahakama ya rufaa inaurudisha.

Mwanasheria anaingia hapo akiwa nyumbani. Anajua kipi ni ushahidi na kipi ni maneno ya wakili, na anajua kwamba wazo zuri lisilo na ushahidi kwenye jalada haliwezi kuandikwa kwenye uamuzi. Mhandisi mgeni huanguka hapo: ana hakika, kutokana na uzoefu wake, kwamba transfoma fulani haihitajiki, lakini hakuna shahidi aliyesema hivyo. Virginia imeipeleka hali hii mbali zaidi. Makamishna wake watatu wanaitwa majaji, wanachaguliwa na bunge la jimbo kwa miaka 6, na katiba inataka angalau mmoja wao awe na sifa za kuwa jaji wa mahakama. Mark Christie, mwanasheria aliyekaa hapo miaka 17, alihamia FERC mwaka 2021.

Lakini uamuzi ulioandikwa vizuri si lazima uwe uamuzi sahihi. Mwanasheria amefundishwa kuchagua kati ya hoja mbili alizoletewa. Hoja ambayo hakuna aliyeileta humpita. Na kesi nyingi za bei huisha kwa makubaliano, ambapo pande zinakuja na jumla moja iliyokubaliwa bila kueleza kila kipande kilipatikanaje. Hapo anahitajika mtu wa kuifumua jumla ile na kuuliza kilichozikwa ndani, hata kama kila aliyetia saini ameridhika.

Alfred Kahn anaonyesha vizuri nini hutokea taaluma tofauti ikikaa kwenye kiti hicho. Alikuwa profesa wa uchumi Cornell, na kati ya mwaka 1974 na 1977 aliongoza tume ya New York. Swali lake halikuwa kampuni ikusanye kiasi gani tu, bali nani anasababisha gharama na saa ngapi. Umeme wa saa tisa alasiri ya Julai, viyoyozi vyote vikiwa vimewashwa, unahitaji mitambo ambayo usiku wa manane imelala. Kuuza umeme wa nyakati hizo mbili kwa bei moja ni kumlipisha anayetumia kwa adabu gharama za asiyejali. Akasukuma bei zinazofuata saa za matumizi. Kwenye simu, akataka anayepiga kuuliza namba alipie huduma hiyo, badala ya gharama kufichwa kwenye bili ya kila mtu. Mawazo hayo leo ni ya kawaida. Wakati ule yalihitaji mtu aliyezoea kufikiri hivyo, na mwenye kura.

Mlango wa kuingilia huchagua taaluma

Katika majimbo mengi gavana huteua na seneti ya jimbo huthibitisha. Katika majimbo takriban 10, yakiwemo Arizona, Georgia, Louisiana, Mississippi, Montana na Dakota zote mbili, wananchi ndio wanaopiga kura. South Carolina na Virginia wabunge ndio wanaochagua. Njia hizi zinaleta watu tofauti, na hapa ndipo ningemshauri mtu aanze kabla ya kusoma wasifu wa kamishna yeyote.

Kura ya wananchi huleta wanasiasa, na haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu mtu lazima ajue kukusanya fedha za kampeni na kutaja jina lake kwenye mikutano. Louisiana ilimtoa Huey Long, mfanyabiashara wa kuuza bidhaa mlango kwa mlango aliyegeuka wakili. Aliingia kwenye Tume ya Reli ya jimbo hilo mwaka 1918, akajipatia sifa kwa kupambana na kampuni ya simu kuhusu bei, na mwaka 1928 akawa gavana. North Dakota, kiti cha tume kimekuwa daraja zaidi ya mara moja: Kevin Cramer alitoka hapo kwenda bungeni Washington na sasa ni seneta, na Julie Fedorchak, ambaye taaluma yake ni mawasiliano, akaingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2025. Brandon Presley wa Mississippi alikuwa meya wa mji mdogo wa Nettleton kabla ya kuchaguliwa kwenye tume, na mwaka 2023 akagombea ugavana.

Si haki kulibeza kundi hili. Mbunge wa zamani anajua bajeti ya jimbo na anajua sheria anayoitafsiri iliandikwa kwa nia gani. Meya amewahi kusimama mbele ya watu waliokatiwa maji. Na mwaka 2025 wapiga kura wa Georgia, baada ya bei kupanda na mitambo miwili mipya ya nyuklia ya Vogtle kugharimu zaidi ya dola bilioni 30, waliwaondoa makamishna wawili waliokuwa madarakani. Hiyo ni aina ya uwajibikaji ambayo uteuzi hauna. Tatizo la mwanasiasa ni saa yake. Nguzo ambayo miti iliyo jirani nayo haikupogolewa mwaka huu huanguka na dhoruba miaka mitano baadaye, wakati kamishna aliyekataa gharama ile amekwisha kupata cheo kingine.

Majimbo kadhaa yamejaribu kuandika taaluma ndani ya sheria. Ohio inataka kila kamishna awe na angalau miaka 3 ya uzoefu katika uchumi, sheria, fedha, uhasibu, uhandisi, sayansi au mazingira, na majina huchujwa kwanza na baraza la watu 12. Florida, iliyoacha uchaguzi wa makamishna mwishoni mwa miaka ya 1970, nayo ina baraza la uchujaji. Minnesota inamtaka gavana afikirie watu wenye ujuzi wa sheria, uhandisi, uhasibu, uthamini, fedha, sayansi na hata kilimo, na angalau mmoja lazima atoke nje ya wilaya saba za Minneapolis na St. Paul. Kilimo kinaweza kushangaza, mpaka ukumbuke kwamba nyaya za umeme mkubwa hupita mashambani.

Orodha hizi zina udhaifu unaoonekana ukizisoma polepole. Ni ndefu mno. Sheria inayokubali taaluma nyingi hivyo kwa kila kiti inaweza kutimizwa na wanasheria watano. Ambacho karibu hakuna sheria inayokitaka ni mchanganyiko: kwamba katika watano awepo mmoja anayesoma mizania na mmoja anayesoma mchoro wa gridi.

Na taaluma haiwezi kushinda sheria mbovu. South Carolina ilikuwa tayari inadai shahada na ujuzi katika nyanja maalumu. Hata hivyo sheria ya mwaka 2007 iliruhusu wateja kutozwa gharama za mtaji wa mitambo ya nyuklia ya V.C. Summer kabla haijawaka, na ikafanya iwe vigumu kurudi nyuma kuhoji matumizi yaliyokwisha kuidhinishwa. Bei zilipandishwa mara tisa. Mwaka 2017 mradi ukatelekezwa baada ya takriban dola bilioni 9 kutumika.

Aliyetoka kwenye kampuni

Swali linalowasha watu zaidi ni la kamishna aliyewahi kufanya kazi upande wa pili. Hoja ya kumtaka ni nzito: anajua kampuni huficha wapi. Hoja ya kumkataa inatoka kwenye matukio.

Tarehe 9 Septemba 2010 bomba la gesi la kampuni ya PG&E lililipuka San Bruno, California, na kuua watu 8. Kumbukumbu za kampuni zilisema sehemu ile ya bomba haikuwa na kiungio cha kulehemu kwa urefu wake. Kilikuwepo, na kilikuwa kibovu tangu miaka ya 1950. Wachunguzi wa serikali kuu waliitaja pia tume ya California kwa kushindwa kuona udhaifu wa ukaguzi wa kampuni. Tume wakati huo iliongozwa na Michael Peevey, aliyewahi kuwa rais wa kampuni nyingine ya umeme ya jimbo hilohilo. Mwaka 2014 barua pepe zilizofichuliwa zilionyesha mazungumzo ya faragha kati ya ofisi yake na PG&E, na hakuendelea na kipindi kingine. Mwaka 2015 tume ikaitoza PG&E adhabu ya dola bilioni 1.6.

Ohio ni chungu zaidi. Sam Randazzo, wakili wa masuala ya nishati, akawa mwenyekiti wa tume mwaka 2019. Mwaka 2021 kampuni ya FirstEnergy, katika makubaliano na waendesha mashtaka wa serikali kuu, ilikiri kumlipa dola milioni 4.3 muda mfupi kabla hajashika kiti. Alishtakiwa, akakana, na akafariki mwaka 2024 kabla ya kesi kusikilizwa. Kumbuka kwamba alipita kwenye baraza la uchujaji na alitimiza masharti ya taaluma yote. Uchujaji ulipima ujuzi. Fedha hazikuonekana.

Kwa hiyo ulinzi wa kweli uko kwenye mambo ya kuchosha: tamko la mali linalosomeka, orodha ya wateja wa zamani wa wakili, sheria ya kujitoa kwenye kesi zinazomgusa, na muda wa kusubiri kabla ya kuajiriwa na kampuni aliyoisimamia.

Wanaofanya hesabu hasa

Msomaji asiondoke akidhani makamishna watano wanapiga hesabu hizi peke yao. Chini yao kuna wahandisi, wahasibu, wachumi na mawakili wa kudumu. California ina wafanyakazi zaidi ya 1,000, ilhali jimbo dogo linaweza kuwa na dazeni chache tu. Tofauti hiyo hubadilisha thamani ya taaluma ya kamishna. Penye wataalamu wengi, kamishna mwanasheria anahitaji kujua kuuliza tu. Penye mchambuzi mmoja wa fedha aliyelemewa na kesi nne, kamishna asiyejua fedha hana wa kumuuliza.

Wapya hupelekwa shule. Muungano wa tume hizi, NARUC, ulioundwa mwaka 1889, una mafunzo yaliyodumu miaka mingi pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, ambako kamishna hupitishwa kwenye misingi ya bei, uchakavu na mtaji. Chuo Kikuu cha Florida nacho hupokea wadhibiti kutoka nchi nyingi, zikiwemo za Afrika. Wiki mbili hazimfanyi mtu kuwa mhasibu, lakini zinamfundisha kutambua jibu lililokwepa swali.

Anayetaka kumpima kamishna wa jimbo lake asiishie kwenye shahada. Aangalie aliingia kwa mlango gani na kipindi chake kinaisha lini. Kama ni wakili, aliwatetea akina nani, kampuni, viwanda au watumiaji, maana kila upande una mazoea yake. Atazame wenzake kwenye meza: taaluma inayokosekana kwa wote ndiyo inayotisha. Kisha afungue jalada la kesi moja kwenye tovuti ya tume, ambalo ni la wazi na bure, asome maswali aliyouliza kikaoni, na atafute kama amewahi kuandika maoni ya kuwapinga wenzake. Kurasa hizo kwa kawaida hukaa mwishoni kabisa mwa uamuzi, na ndizo mahali pekee ambapo kamishna hueleza kwa sauti yake mwenyewe anavyoielewa hesabu.